Matairi Mawili Uliyomtumia Mama

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu za kaka yako, dereva aliyevuka mipaka mingi kuliko kurasa za pasipoti yake. U hali gani huko machimboni? Kifua kimepoa? Unakula ukashiba, au mpishi wenu bado anawapikia kama mnaadhibiwa? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo haitaki kwenda kwao. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo hausumbuliwi na chochote. Dada yako tumbo limefika pale ambapo hawezi tena kuona miguu yake.

Sasa kaa chini. Simu huko kambini haishiki, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono huu ulioacha shule mapema. Dereva wa lori la kampuni yenu ameahidi kuibeba barua Ijumaa, na nataka arudi na neno lako kwa Mama. Ni juu ya yale matairi mawili uliyomtumia.

Ni mazuri, sikatai. Mama aliyapokea kama wajukuu. Yalifungwa nyuma siku ileile, na kila asubuhi anayafuta kwa kitambaa na kuita majirani: "Njooni muone, haya kanunua mwanangu!" Ila ni makubwa, mdogo wangu. Yameyapita ya mbele kimo kwa vidole viwili. Sote tuliona, tukasema gari limepata heshima.

Kisha ikaanza kuwaka taa ya njano kwenye dashibodi, ile ya kigari kinachoteleza. Shemeji yako, fundi cherehani, unamjua: kwake kila tatizo ni tundu la kuzibwa. Akakata kitambaa cheusi, akakibandika kwa gundi juu ya taa, akasema, "Imekwisha." Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Wiki iliyopita tukampeleka dada yako kupimwa, hospitali ile ya juu mlimani. Mtoto amekaa vibaya, na daktari alikuwa ameshakataza kabisa asijifungulie nyumbani. Shemeji anaendesha, mimi pembeni natoa mawaidha, Mama na dada yako nyuma. Katikati ya mlima, mvua imeshika, gari likaanza kukosa pumzi. Shemeji akakanyaga mafuta hadi mwisho, gari likajibu kwa kukohoa. Naona mwanga unawaka na kuzimika kwenye kingo za kile kiraka. Likazimika. Shemeji miguu ikamchanganyikia, na gari likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mawe.

Nikaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Tulisimama bampa zimekaribiana kama watu wanaonong'onezana. Dada yako hakupiga kelele. Alishika tumbo tu, akasema, "Kaka." Mpaka leo nikifumba macho nalisikia neno lile.

Mimi niliapa kuwa ni pampu ya mafuta. Niliapa mbele za watu, kwa sauti. Tukalipeleka kwa Miwani, yule mama fundi umeme wa magari. Akaniacha nimalize hotuba yangu, kisha akaweka mguu kando ya tairi la nyuma, akauliza, "Haya nani kayafunga?"

Kumbe kila gurudumu lina kidude kinachohesabu mizunguko. Tairi kubwa huzunguka polepole kuliko dogo, hata kama gari linakwenda sawasawa. Kwenye gari letu injini inazungusha ya mbele. Kompyuta ikiona ya mbele yanakimbia kuliko ya nyuma, inadhani yanateleza, basi inakata nguvu ya injini na kuyabana kwa breki ili iwaokoe.

"Inawaokoa na utelezi ambao haupo," Miwani akasema. "Na siku utelezi ukija kweli, itakuwa imeshachanganyikiwa."

Shemeji akauliza kama hakuna swichi ya kuizima. Miwani akaitazama futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa shemeji. "Ipo. Cherehani yako ikikata uzi, huwa unazima taa usiione?"

Dawa ni rahisi: yafungwe tena yale ya zamani. Bado yana meno na kimo chake ni kimoja na ya mbele. Yako stoo. Lakini Mama amesimama mlangoni mwa stoo: "Matairi ya mwanangu hayatoki! Mtoto yuko mbali, kajinyima, nyinyi mkayatupe kwenye vumbi? Wewe unamwonea wivu mdogo wako." Mimi, wivu! Mimi niliyekubeba mgongoni ukanichafua fulana! Basi ufunguo wa gari ninao mfukoni, na Mama hanisemeshi. Zimebaki wiki tatu dada yako ajifungue. Mwandikie Mama mstari mmoja tu, kwamba yatolewe. Wewe atakusikia.

Alhamisi.

Barua ilikuwa bado haijafungwa. Jana mchana dada yako aliinuka kuanua nguo, akashika fremu ya mlango, akabaki hapohapo. Wiki tatu hazikungoja. Nikapiga simu za teksi, kwa mvua ile zinaita tu. Shemeji akanyoosha mkono: "Shemeji, ufunguo." Nikamwambia kwa matairi yale sitoi. Akanikunja shati.

Mama akamtazama dada yako, akayatazama matairi, akatupita kwenda stoo. Alirudi akilivingirisha tairi la zamani, na goti lake lilelile, amelowa chapachapa.

"Mnakunjana nini? Toeni!"

Mimi jeki, shemeji spana, mpaka ya zamani yote mawili yakakaa. Mama alitushikia mwavuli sisi, mwenyewe akinyeshewa. Tulipoingia garini aliinama mbele, akakibandua kile kiraka kwa kucha. "Tuione," akasema.

Nikaendesha mimi. Mlima uleule, maji yanashuka barabarani, dada yako anapumua ameuma meno. Pale tulipokwama siku ile, macho yote yakawa kwenye taa. Nikakanyaga mafuta. Haikuwaka. Gari likapanda kama limeitwa.

Wamempasua. Mtoto ni wa kike, ana sauti ya Mama. Wote wawili wazima, nimewaona kwa macho yangu. Shemeji alilia, akajifuta machozi kwa futi.

Matairi yako yapo sebuleni. Mama ameyapanga moja juu ya jingine, ameyatandikia kitambaa cha kufuma, anayakalia yeye peke yake. Kaniagiza: "Akiuliza nani kayatoa, mwambie ni mimi." Kwa hiyo lile neno nililoomba basi. Nijibu jingine: unakuja lini?

Dada yako anakusalimu akiwa kitandani, shemeji anataka vipimo vya suruali yako, Mama anasema vaa soksi. Mungu akutoe salama humo ardhini kila unapoingia. Na ukituma tena matairi, tuma manne ya kipimo kimoja. Ila ukisikia la kaka yako, acha matairi, njoo wewe. Mama ainuke pale alipokaa.

Wako akupendaye bila breki,
Kaka Mkubwa.