Kuku wa Hawi Hachinjwi

Jumapili jioni, Uriri. Mvua ya mchana imekatika, matope yamebaki, na mimi nina hasira ambazo hata sitaki zipoe.

Leo nimempa mgeni mkubwa kuliko wote wa nyumba hii omena, dagaa wa ziwani. Nimempa kwa makusudi, huku kuku wetu akiwa hai, mnono, anajitembelea uani. Yeyote anayeijua Migori anajua hilo si jambo dogo. Naandika mapema, kabla sijaanza kulipamba.

Mgeni mwenyewe ni Waya. Waya ndivyo Waluo wanavyomwita shangazi, dada ya baba, na mimi niliyezaliwa Ukuriani nikaolewa huku nimejifunza kumwita hivyo. Mama yake Otieno alipofariki, Otieno akiwa darasa la tatu, Waya ndiye aliyemchukua akamlea kwake, karibu na Asumbi. Kwa hiyo kwangu ni mama mkwe kwa kila kitu isipokuwa jina. Tangu binti yetu Hawi azaliwe, miezi kumi sasa, Waya hakuwa amekuja kumwona kwa sababu ya maumivu ya miguu. Alhamisi Otieno alinipigia simu kutoka Homa Bay, anakofanya kazi ya ujenzi, akasema watakuja pamoja Jumapili baada ya misa.

Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbusha chumvi, "Utachinja ile nyeusi."

Huyo mweusi ndiye kuku pekee tuliyebaki naye. Walikuwa watatu. Mmoja aliuawa na ugonjwa wa kideri, mwingine aliondoka na wageni wa Krismasi, ndani ya matumbo yao. Huyu wa tatu anataga karibu kila siku, na yai lake ni la Hawi. Si langu wala si la Otieno.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Hawi alipofika miezi saba, alipimwa kliniki na mzani ukasema amepungua. Muuguzi alinionyesha mstari kwenye kitabu chake: ulikuwa unapanda, ukalala, kisha ukainama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mimi mwenyewe nakula nini, nami nikamdanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula mara moja kwa siku ili unga ufike mwisho wa mwezi. Nilikuwa nashindia chai ya rangi huku nanyonyesha, nikijisifu kimoyomoyo kwamba najua kubana matumizi. Uji wa Hawi nao nilikuwa naubana hivyo hivyo. Ulikuwa mwepesi mpaka unaona chini ya kikombe.

Sikumwambia Otieno. Kila akipiga simu nilimwambia mtoto yuko sawa.

Niliogopa jina. Huku wananiita Nyar Kuria, binti wa Ukuriani, na mara nyingi wananiita kwa mapenzi. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshasikia litakavyotamkwa siku watakapojua kwamba mtoto wao amekonda mikononi mwangu. Basi nikakificha kitabu chini ya godoro na kuanza kazi.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani kwa duka moja hapa sokoni, na Hawi hukaa miguuni pangu kwenye shuka, akitafuna tepu ya kupimia. Niliacha kununua nepi za dukani, nikashona za vitambaa kutokana na mabaki ya sare, ndiyo maana binti yangu amevaa rangi za shule nne makalioni na bado hajui kutembea. Omena inayotoka kisiwa cha Remba nainunua siku ya soko jioni, akina mama wanapotaka kufunga virago na bei imelegea. Naichambua, natoa vichwa, naikaanga bila mafuta, naitwanga mpaka iwe unga, na kijiko kimoja kinaingia kwenye uji wa wimbi. Mboga inatoka nyuma ya nyumba. Nyama nimesahau inauzwa upande gani wa soko.

Na kila asubuhi, yai. Mayai ya dukani siku hizi unayauliza bei na kuyarudisha polepole kama ya mtu mwingine.

Mimi pia nakula sasa, mara tatu, hata kama ni ugali na mboga ileile. Muuguzi alisema maziwa yangu hayatoki hewani.

Mstari umepanda miezi miwili mfululizo. Jumanne tunapima tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia nichinje kuku, asidhani ananiomba kitoweo.

Lakini nisijifanye shujaa wa tangu asubuhi. Jana nilinoa kisu. Leo baada ya chai nilimkamata yule kuku, nikamfunga miguu, nikabandika maji ya kumnyonyolea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila nadhani kuku hakuulizwa. Hawi alikuwa amekaa mkekani anakula yai, nimeliponda na kiazi, anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Nilimtazama akimeza. Nikafikiria Jumanne, mzani ule, na macho ya muuguzi.

Nikafungua kamba.

Maji ya moto nikaogea.

Kisha nikaingia jikoni na kupika kama mtu aliyetukanwa. Omena niliiosha kwa maji vuguvugu mara tatu, nikaikaanga na vitunguu na nyanya, nikaimalizia kwa maziwa mazito niliyokuwa nimeyaweka tangu juzi. Managu, yaani mnavu, nilikuwa nimeyalaza na maziwa tangu jana, uchungu umekwisha. Ugali nilisonga wa mtama na muhogo, ule mweusi, mgumu, wa heshima. Nilijiambia kama ni lazima nimuudhi Waya, basi nitamuudhi kwa chakula kitamu.

Walifika saa saba. Waya alimchukua Hawi kabla hata ya kukaa, akamgeuza huku na huku, akamminya mapaja, akasema, "Huyu amejaa." Nilikwenda kuchukua maji ya kunawa haraka ili wasione macho yangu.

Tulinawa. Otieno akaombea chakula. Nikafunua sahani.

Otieno aliitazama omena, akanitazama mimi, akaitazama omena tena kana kwamba ataikuta firigisi ikijitokeza katikati. Na saa hiyohiyo kuku mweusi akaingia mlangoni, akapita chini ya meza, akaanza kudonoa makombo karibu na viatu vya Waya. Sijawahi kumchukia kiumbe wa Mungu kama nilivyomchukia kuku huyo kwa dakika ile moja.

"Nyar Kuria," Waya akasema taratibu. "Hii kuku ni ya nani?"

"Ni ya Hawi."

"Na mimi ni nani?"

Swali hilo nililistahili. Lakini ulimi haukurudi nyuma. "Wewe ni Waya. Nikikuwa na kuku mbili nakuchinjia zote. Lakini hii ni moja, inataga, na yai ni ya mtoto. Nikichinja leo, kesho Hawi atakula nini?"

"Boke!" Otieno alinikemea. Huita jina langu hivyo akiwa amekasirika tu, siku nyingine mimi ni Mama Hawi.

"Wacha aongee," Waya akamwambia. Kisha akanigeukia. "Yawa! Kumbe mnapatia mtoto mayai? Mtoto akikula mayai anachelewa kuongea. Hakuna mtu alikwambia hiyo?"

Nimeambiwa, na wengi, hata kwetu. "Akichelewa kuongea nitamngoja, Waya. Uzito ndiyo haingoji."

"Uzito gani?" Otieno akauliza.

Hapo nikajua mdomo umetangulia akili. Ningeweza kudanganya tena, nina uzoefu. Badala yake niliinuka, nikatoa kitabu chini ya godoro, nikakiweka mezani kati ya omena na ugali, na kukifungua kwenye ule mstari. Otieno alisoma. Waya, ambaye macho yake hayaoni maandishi tena, aliuliza kinasema nini. Akaelezwa kwa Kiluo, polepole, na sikuhitaji mkalimani.

Waya alimtazama Hawi. Akanitazama mimi kwa muda mrefu, kuanzia shingo mpaka mikono. Halafu akavuta sahani, akamega ugali, akaanza kula. Habari ya kuku haikutajwa tena, lakini na shukrani pia sikuisikia.

Saa tisa Otieno alimsindikiza mpaka steji. Aliporudi hakuingia ndani. Alikaa kizingitini na viatu vyake vya kanisani vimejaa matope, kitabu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya kuku. Nilikuwa na hoja za kutosha mpaka Jumatano.

"Miezi mitatu umeniambia mtoto yuko sawa," akasema. "Mimi ni baba ya huyu mtoto ama mimi pia ni mgeni?"

Niliketi kando yake.

Alichosema nakikubali, na nakikubali hapa mbele ya kila mtu. Kwa kuku sina kosa. Kwa kitabu ninalo. Nilimkasirikia mtu kwa kuagiza kuku achinjwe wakati mimi ndiye niliyemficha sababu ya kuku huyo kuishi. Kwake kilikuwa ni kitoweo cha kumheshimu mama aliyemlea, basi. Nilimweleza yote, hadi ile miezi ya kula mara moja, hadi chai ya rangi. Alilia kidogo. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshamaliza yangu zamani peke yangu, na naona sasa kwamba huo nao ulikuwa ubinafsi wa aina yake.

Hatarudi Homa Bay kesho. Ameomba ruhusa mpaka Jumatano, anataka ambebe Hawi mwenyewe mpaka kwenye mzani, auone ukisimama kwa macho yake. Sehemu yangu moja imeudhika. Kwani haniamini? Haniamini, na nani aliyemfundisha? Ni mimi na lile neno langu la kila simu. Kuanzia sasa akiuliza mtoto yuko vipi nitamtajia kilo, na akiuliza mimi nimekula nini nitamwambia, hata kama jibu litamkosesha usingizi.

Lakini kwa kuku siombi msamaha. Si kwa Otieno, si kwa ukoo mzima. Mgeni wetu wa kwanza katika nyumba hii ni huyu asiye na meno, na mpaka atakaposhiba yeye, wengine wote watakula tunachokula. Najua itanigharimu. Kuna sherehe ambazo sitaitwa jikoni, na kuna mama atakayetikisa kichwa nikipita. Watikise. Hakuna kichwa kilichowahi kutikiswa kikaangusha yai kwenye sahani ya mtoto.

Sasa hivi Otieno anamwogesha Hawi kwenye beseni huko nje, na maji mengi yanaishia kwake. Na dakika chache zilizopita binamu yake amepiga simu kutoka Rangwe, anacheka, anataka kuthibitisha: eti ni kweli Waya amepewa omena? Yaani habari imefika kabla mwenyewe hajavua viatu. Kufikia Jumatano itakuwa imezunguka soko zima.

Na izunguke. Nilimpa omena, ni kweli. Ila wanaosimulia wasiikate njiani, waifikishe mpaka mwisho: aliongeza ugali mara mbili, na tonge la mwisho akafutia sahani.