Gilasi ya Madam

Jidda, Ijumaa usiku

Makusudi. Neno hilo halinitoki kichwani tangu asubuhi.

Benki ya nyumbani Mombasa imeniandika kuwa mtu anayekataa kulipa mkopo kwa makusudi. Leo nimewapigia, akapokea karani mwenye adabu zake.

"Dada, kamati ilishakaa ikaamua."

"Iliamua kwa sababu gani?"

"Sababu hatuambiwi. Uliitwa ujieleze, hukuja."

Ningekwendaje, na pasipoti yangu anayo kafili, yule mdhamini wa kazi yangu, mume wa huyu Madam ninayemtumikia? Barua yenyewe ya kuniita waliipeleka kwenye kibanda changu cha biashara nilichokifunga kabla sijaja huku. Nikamweleza kwamba mshahara ulicheleweshwa, na ulipoingia nikalipa nilichoweza. Akanijibu: "Pole, dada. Mimi napokea simu tu."

Nimechoka. Deni ni langu, sijalikana. Lakini kuitwa hivyo, bila hata…

Jioni, kwa mawazo, nikaiangusha gilasi ya Madam, ya ile seti aliyopewa na mamake. Akaja mbio, amekunja uso. Nikajua leo nimekwisha.

"Umeivunja makusudi?"

"La, Madam. Imeniponyoka, mikono ilikuwa na sabuni."

Akaitazama mikono yangu, bado ina povu. "Halas, basi yameisha. Okota, usijikate."

Nikaokota vigae vyote, kisha nikakaa chini pale jikoni nikalia. Sikuililia gilasi. Ni kwamba aliniuliza, halafu akangoja nijibu.