Mlango Aliouchukua Mtani

Kibiti, 11 Agosti 1991

Mwanangu Haruni,

Hujambo huko Nyamisati? Mimi sijambo, magoti tu yananinung'unikia. Tumemzika baba yako. Nilikungoja hadi udongo wa mwisho, sikulaumu.

Watani walitumaliza. Mtani wetu Mtoro alivaa koti la ukatekista la marehemu, akakohoa kama yeye: "Hamna adabu! Hata kunizika mnachelewa!" Kisha wakang'oa mlango wa mbele wakaenda nao, hadi tuukomboe kwa jogoo. Nilicheka huku nalia. Njoo kwenye arobaini.

Mama yako

Nyamisati, 20 Agosti 1991

Mama yangu,

Shikamoo. Pole, nasi sote pole. Mimi mzima. Kamba wanapatikana, wanunuzi wa Dar wanawagombea.

Siji, Mama. Baba aliponikataza biashara hii nilimjibu mbele ya waumini, "Ukatekista wako haujawahi kujaza chungu." Akasema nisivuke tena mlango wake. Amekufa hajalitengua neno hilo. Nilimkaidi akiwa hai. Nimkaidi hata kaburini? Nimeungama kwa padre aliyepita huku, akaniondolea dhambi. Miguu ndiyo haiamini.

Mwanao

Kibiti, 1 Septemba 1991

Haruni mwanangu,

Natumaini hujambo. Barua yako imeniunguzia ugali.

Sasa sikia. Ulipoondoka, kila jioni baba yako akisalisha Baba Yetu, akifika "kama tunavyowasamehe" alikohoa mpaka tukapita pale. Kikohozi cha maneno mawili! Jumatatu ya Pasaka hakukohoa. Alisali yote, kisha akaniuliza, "Yule mbishi anakula nini huko?" Nikamwambia, "Si umwandikie?" Akasema, "Nimeshamwambia Mungu." Haya zake tu zilimzuia.

Na kama ni utii unaotaka, haya: Mtoro bado anao mlango, anaanikia muhogo. Jogoo nimemficha kwa Zabibu jirani, tusiukomboe kwanza. Pale kwetu hakuna mlango wa kuvuka. Lakini nisikudanganye, huo ni utani. Msamaha ni ule wa Pasaka.

Mama yako

Nyamisati, 29 Septemba 1991

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti je? Nimefika salama, na maandazi yako hayakufika hata Bungu, niliyamaliza njiani.

Wewe siku ya arobaini ulibaki jikoni, kwa hiyo hukuona ya makaburini. Padre alipomaliza niliwaomba waumini wasiondoke. Walikuwa wale wale wa siku ile. Nikapiga magoti nikasema, "Baba, nilikudharau mbele ya watu hawa. Nisamehe." Mara Mtoro, nyuma kule: "Sema kwa nguvu, mwana mpotevu! Mzee sikio la kushoto lilikuwa halisikii!"

Watu wakaangua kicheko. Nikarudia kwa nguvu. "Bado!" Nikapaza sauti hadi ng'ombe wa jirani wakageuka, na hapo nikacheka mwenyewe, Mama, machozi yakinitiririka.

Mtoro akaniinua, akanipangusa vumbi magotini. "Haya inatosha," akasema. "Amesikia toka mara ya kwanza."

Mwanao,
Haruni