Radhi Uliyoniomba Nakurudishia

Mkwe mwenzangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wote wa nyumbani kwako wazima, hasa mjukuu wetu, ambaye naambiwa siku hizi akimshika mtu kidole hakiachii. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia usiipake ukiwa umetoka kuoga maji ya moto, itakuunguza. Na mguu wa mwanao? Binti yangu anasema plasta imeanza kumwasha, nami nimemjibu kuwasha ni dalili ya kupona, ingawa sijui kama ni kweli. Mimi huku mwili hauna neno. Mengine utayasoma.

Utaona mwandiko si ule uliouzoea. Barua zangu huniandikia binti wa jirani, anayejua kupanga maneno. Hii naiandika mwenyewe na darasa langu la tatu, leo siku ya nne, kwenye meza ya kupigia pasi hapa nyumba ya wageni, kila nikimaliza furushi la mashuka. Niliona si halali mtoto wa watu ayaandike haya kwa mkono wake. Simu nayo nimeikwepa makusudi. Kwenye simu ungeniambia neno moja la upole, nami ningedanganya tena.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniomba radhi. Umesema unaona aibu mbele yangu kwa sababu mwanao aliendesha kwa pupa, akaliangusha gari la watu na dawa za zahanati ndani yake, kisha badala ya kukiri akatunga jiwe. Umesema unamshukuru Mungu kwamba siku ile sikupanda gari lake. Basi naomba nianze safari ile tangu mwanzo, na wewe unisome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana barua, ichane ukishamaliza.

Unakumbuka mwanao alikuja huku kuchukua dawa ghalani, akasema atarudi pamoja nami nikamwone mtoto. Nilikataa. Nilimwambia kwa utani kwamba pikapu yake inakohoa kuliko mzee mvuta kiko, na mimi sitaki kufia mlimani kabla hata sijaitwa bibi. Akacheka, maana mwanao hana kinyongo, akasema basi mama panda lori la shemeji, mimi nikishapakia nitafuata na mizigo yako. Ndivyo nilivyopanda lori na mwanangu wa kiume. Nilivaa gauni la kile kitambaa ulichonitumia, chenye maua ya zambarau. Nilikuwa nimelishonesha kwa ajili ya siku hiyo moja. Nilitaka ukiniona useme kitambaa changu kimepata mwenyewe.

Asubuhi hiyo utingo wa mwanangu, msaidizi wake wa lori, aliamka na jino, shavu limevimba kama aliyeficha limau, akabaki. Mwanangu akaniambia leo mama utingo ni wewe. Nikamjibu nimewabeba ninyi miezi tisa tisa, nishindwe na jiwe? Wewe umezeeka na barabara ile na unaijua. Lori lenye mzigo likisimama mlimani, breki ya mkono peke yake haiaminiki, lazima mtu ashuke akinge gurudumu kwa jiwe. Na likitaka kuondoka, yule yule aliyeliweka alitoe barabarani, alitupe pembeni kabisa. Mwanangu alinifundisha hayo kabla hajawasha gari. Alisema jiwe ukiliweka ni lako, mama, mpaka ulitoe, na kwamba madereva husameheana mengi, lakini jiwe lililoachwa njiani hawasamehi.

Kupanda niliifanya kazi vizuri. Mara mbili tulisimama kwenye foleni ya geti la mpaka, mara mbili nikashuka, nikaweka, nikatoa, nikapangusa mikono. Dereva mmoja alichungulia dirishani akamuuliza mwanangu amempata wapi utingo mwenye hereni. Nikajiona mtu. Getini afisa aligonga mhuri bila kuniangalia, akauliza naenda upande wa pili kufanya nini, nikamwambia naenda kuwa bibi. Hapo akainua macho.

Ukungu ulitukuta upande wenu. Barabara inashuka kama imemwagwa, mkono mmoja mlima, mkono mwingine korongo, na changarawe imelowa. Kwenye kona ya tatu kutoka getini breki zilianza kunuka, mwanangu akasimama zipoe. Nikashuka, nikakinga gurudumu kwa jiwe la pembeni. Zilipopoa tukaondoka, akaniuliza kama nimelitoa, nikasema nimelitoa, tukafika kwako salama. Ulinipokea mlangoni. Uliniwekea mtoto mikononi kabla sijakaa, ukanizungusha uone gauni, ukasema limenikaa kama la msichana. Chai hatukuimaliza. Simu ikalia kwamba pikapu imelala ubavu kwenye kona ya tatu, nikakuona unatoka mbio bila viatu.

Yaliyofuata unayajua, lakini niache niyaseme, nione kama mkono wangu utayaandika. Mwanao alisema tangu siku ya kwanza hospitali kwamba aliona jiwe barabarani katika ukungu, akalikwepa akiwa amechelewa, likampiga gurudumu, gari likamtupa upande wa mlima. Watu walikwenda kutazama wasilione. Bila shaka lilirukia korongoni. Tajiri wake akaja, na wakubwa wa ofisi ya madereva pale getini wakamwita mwanangu, kwa kuwa ndiye aliyepita saa moja kabla. Mwanangu akawaambia barabara aliiacha safi, na kwamba jiwe lake yeye liliondolewa na mama yake mzazi. Nani atabishana na mama mzazi wa mtu? Maneno yakaishia hapo. Mwanao akanyang'anywa funguo. Na wewe, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, ukamwambia aache uongo, baba yake hakuwa mwongo. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha dirishani, nimempakata mtoto wake.

Mkwe, jiwe lilikuwepo. Niliyeliacha ni mimi.

Mwanangu alirudisha lori nyuma kidogo, nikalivuta jiwe hatua mbili ili gurudumu lipite. Kubwa, kama kichwa cha ng'ombe. Pa kulitupia palikuwa upande wa korongo. Siku nyingi nimejiambia kwamba niliogopa korongo, mtu yeyote angeogopa. Korongo niliogopa, sikatai. Lakini sikuliacha kwa hofu. Jiwe lilikuwa limejaa tope, lilitaka kukumbatiwa kifuani, nami nilitazama gauni lako nikafikiri nitampokeaje mjukuu nikiwa hivi. Mwanangu akapiga honi. Nikasema moyoni watu wana macho, wataliona. Nikapanda nikamwambia nimelitoa. Sikutaka ajue kwamba utingo wake mwenye maneno mengi ameshindwa na kazi kwa ajili ya nguo.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na ungeweza kuniambia ni bahati mbaya. La pili halina jina zuri. Siku moja kabla sijaondoka kwako, wewe ulikuwa umekwenda sokoni na binti yangu anaogesha mtoto. Niliingia kumpelekea mwanao uji. Akanishika mkono, akaniuliza taratibu, Mama, wewe ulipita kabla yangu, kweli hukuona jiwe? Nami nikamjibu, sikuona, baba, labda ulipitiwa na usingizi. Akauachia mkono wangu. Kisha akasema labda ni kweli, labda alilala akaota jiwe. Mkwe, nilimfanya mtoto wako asiyaamini macho yake mwenyewe. Halafu nikamlisha uji, na yeye akanishukuru.

Tangu nirudi, kila shuka ninalolikunja naliona lile jiwe katikati yake. Jumapili nilimwambia mwanangu. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, hakunifokea, na heri angefoka. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama najua alitoa ushahidi dhidi ya mume wa dada yake kwa kuapa kwa jina langu. Nikasema najua. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya lori mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alisema Jumamosi ana mzigo wa kuvuka, na kwamba nitapanda naye.

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja. Tutashuka kwanza getini, nikasimame mbele ya wakubwa wa madereva niseme kwa mdomo wangu, wanicheke au wanifukuze. Kisha nitakwenda kwa tajiri wa pikapu, nimwambie dereva wake hakulala wala hakukimbiza gari. Kama hatamrudishia funguo, hilo siwezi kulilazimisha, lakini hatasema tena kwamba ni mwongo. Barua hii nimempa dereva mwenzake na mwanangu atangulie nayo, ili nitakapofika uwe umeshajua. Sitaki unifungulie mlango kwa kicheko nisichokistahili. Ukiufunga, nitakaa nje, nimeshazoea kungoja kwenye foleni.

Nakuomba jambo moja, na najua sina uso wa kuomba. Usimwambie mwanao faraghani. Msomee barua hii kwa sauti, wageni wakiwepo sebuleni, wale wale kama watapatikana, maana alikaripiwa wakiwepo. Akiuliza kwa nini, msomee na pale pa gauni, usiruke. Na binti yangu asikie pia. Asije akamtetea mama yake kwa sababu ni mama.

Radhi uliyoniomba nakurudishia, haikuwa yangu. Yangu ndiyo hii, nakuomba wewe, namwomba yeye, na yule mdogo ataombwa siku atakapoelewa maneno.

Nisalimie wote, nisalimie jirani yako wa mkono wa kushoto aliyekaa na mtoto siku ile tuliyokimbilia hospitali, na mgongo wako usiubebeshe ndoo. Jumamosi nitavaa lile lile gauni. Tukisimama njiani nitashuka mwenyewe, na safari hii jiwe nitalikumbatia.

Mimi mkwe wako,
bibi wa mtoto kwa upande wa mama,
mfua mashuka.