Jino langu litaninyima mke

Mpendwa Mama Ashley, naomba msaada wako upesi kabla sijaenda kung'olewa jino, maana mimi ni kijana wa Kakuma, nampenda Adhel na yeye ananipenda, shida ni baba yake, Mzee Wal, anayetaka kurudi Sudan Kusini kwa ng'ombe wake kabla mvua hazijaanza, na ameapa kwamba binti yake hataolewa na mtoto wa foleni, yaani sisi tuliokulia hapa kambi ya wakimbizi tukipanga mstari wa mgao wa chakula, anataka mkwe aliyelelewa zizini, akanywa maziwa na kulala kando ya ng'ombe, na siku aliponiuliza nimelelewa wapi ulimi uliteleza nikasema nimelelewa huko karibu na Bor, na kwamba nilivuka mpaka wa Nadapal kwa miguu yangu nikiwa na ndevu, wakati ukweli ni kwamba nilivushwa nikiwa mgongoni mwa mama.

Ningenyamaza hapo yangekwisha, lakini nikapata kibarua Lodwar kwa watafiti wanaochimba makaburi ya wafugaji wa kale upande wa ziwani, kazi yangu ni kuchekecha mchanga, na dada mmoja wa huko, Jerotich, alitueleza kwamba jino huumbika utotoni na halibadiliki tena, kwa hiyo wakilisaga kidogo na kulipima maabara wanajua mwenyewe alikula nini akiwa mtoto na alikulia wapi, hata kama alikufa kabla ya babu wa babu zetu, nami kwa kutaka kuonekana msomi nikaenda kumsimulia Mzee Wal. Mwalimu Wekesa wa kanisani kwetu alikuwepo, Mzee akasema kwa Kiswahili ili naye asikie, "Kuwes, mzuri. Wewe iko na jino moja mbovu, mimi naona. Toa hiyo, peleka kwa hao watu. Karatasi ikirudi, mwalimu atasomea mimi. Kama hiyo jino ilikunywa maziwa, chukua msichana."

Nilidhani Jerotich atakataa, kumbe wanapokea hata meno ya walio hai, ya kulinganishia. Sasa rafiki yangu Gatdet, ambaye kweli alilelewa na ng'ombe na amefika hapa mwaka jana, ana gego bovu na ameniambia, "Hii jino inasumbua mimi kila siku. Peleka hii, ioe kwa jina yako." Adhel amekataa, anasema hakunipendea ng'ombe na nimwambie baba ukweli, lakini nikisema ukweli ndiyo nimemkosa, na tena mwezi uliopita kwenye harusi ya binamu yake fahali alikata kamba nikajikuta nimejificha nyuma ya Mwalimu Wekesa, Mzee akaniangalia tu. Je, nipeleke jino la Gatdet? Nijibu upesi.

Dut, Kakuma, Februari 2013

Dut, ejok, kama tunavyosalimiana hapa Turkana. Hilo jino lako kalitoe kwa sababu ni bovu, wala si kwa sababu unaoa. Hili la Gatdet limenichekesha mpaka Ashley akaja kuona mama ana nini, halafu likaniudhi. Mwenzako ang'olewe jino ili wewe upate mke? Siku ya harusi nani atakaa kando ya Adhel, wewe au gego la Gatdet? Na hao watafiti wamekupa kazi, nawe unataka kuwapelekea jino la mtu mwingine waandike uongo vitabuni. Huna haya.

Nimempigia simu mtafiti mmoja ninayemfahamu hapa Lodwar, jina lako sikulitaja. Ameniambia kwamba mahindi na mtama ni vya ukoo mmoja na nyasi za nchi zetu za joto, na alama zao kwenye jino hukaribiana sana. Aliyekuzwa kwa ugali na aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe mla nyasi, kwa kipimo hicho si rahisi kuwatofautisha.

Nakuona umeanza kutabasamu. Ngoja kwanza. Kipo kipimo kingine, cha madini ya udongo, kinachoonyesha mtu alikulia ardhi gani. Unga wa mgao ulikuwa ukitoka nchi za mbali, kwa hiyo Mwalimu Wekesa anaweza kuvaa miwani na kumsomea Mzee kwamba mkwe wake alilelewa ng'ambo. Na Gatdet je, umemuuliza alikula nini kwao? Wapo wachungaji wa mtoni wanaokula samaki kiangazi kizima, na jino lao litasema samaki, si maziwa. Hata Mzee mwenyewe, nywele zake zikipimwa zitasema mgao, maana nywele hutunza chakula cha miezi ya karibuni. Hilo usimwambie, nakuomba.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia nyuma ya Mwalimu Wekesa. Unadhani mtu aliyezeeka na ng'ombe anahitaji maabara baada ya kuona vile? Mzee amejua. Angetaka kukufukuza angekufukuza siku ileile. Amekuachia mlango wazi, wewe unahangaika kutafuta dirisha la kurukia.

Lakini nimekuhurumia pia, nisikufiche. Mama yako alikubeba mgongoni akakufikisha salama, akapanga foleni kwenye jua hili la Kakuma ili ule, na leo unamfuta kwenye maisha yako ili upendeze ukweni. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko uongo wenyewe.

Jumapili hii, ibada ikiisha, mchukue Mwalimu Wekesa na mzee mmoja wa kwenu, mwende. Sema, "Baba, nilidanganya. Nimelelewa hapa, kwa unga wa mgao. Ng'ombe siwajui na ninawaogopa. Nifundishe." Halafu funga mdomo, usianze tena habari za maabara. Akikukaripia, pokea. Akisema uende naye ukaanze kwa kuchunga ndama pamoja na watoto, nenda. Akikataa, rudi tena na wazee, na usimtume Adhel akuombee.

Hao wafugaji wa kale wanasagwa meno kwa sababu hawapo tena wa kuulizwa. Wewe upo, na Mzee Wal alikuuliza umelelewa wapi. Mjibu.