Mkate Uliokaa Barazani Siku Tatu

Rooty Hill, Sydney

Mdogo wangu mpendwa Agnes,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kuwa goti lako limepoa na kwamba maradhi haya yaliyoenea duniani hayajabisha hodi nyumbani kwenu. Mimi ni mzima. Niwie radhi kwa kukawia kuandika. Sababu ni aibu, nami naikiri.

Mwanangu Rehema, anayeuguza wagonjwa katika hospitali ya Westmead, kwa kuhofia maambukizi aliagiza kwamba chochote kitokacho nje kikae barazani siku tatu kabla ya kuguswa. Basi jirani yetu Bi Milka, mjane wa Kiserbia aliyekuwa akifundisha historia ya lugha, aliponipitishia mkate wa moto juu ya ua, niliuweka barazani na kuubandika karatasi: “Usiguswe hadi Alhamisi.” Aliisoma akiwa kwake. Wiki nzima hakunisalimu.

Nilimwandikia barua ya kuomba radhi. Akaja penye ua, barakoa usoni, akaniambia kwao mkate hauachwi nje kama kiatu. Hata ukianguka, mama yake aliuokota akaubusu. Nikaomba radhi tena, kisha nikamwuliza wao huuitaje.

Hapo ualimu ukamrudia. Huitwa hleb. Zamani, kabla Waslavi, mababu wa Waserbia na ndugu zao, hawajatawanyika, neno hilo lilikuwa kama “hlebu”. Hakuna aliyeliandika, wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye, na huliwekea nyota mbele kuungama kwamba wanakisia. Tena si lao kwa asili: wengi husema walilipata kwa majirani zao, Wagermani wa kale.

“Basi, Bi Milka,” nikasema, “majirani hao hawakuuweka mkate barazani siku tatu.”

“Hata kama waliuweka, Bwana Yohana, hawakuubandika karatasi.”

Akacheka hadi barakoa ikamshuka. Kesho yake akaleta mwingine juu ya sahani, nami nikaula pale pale, mbele ya macho yake. Rehema amenikemea. Nimemwomba radhi, lakini sitaacha.

Sasa sahani yake iko kwangu, na kwetu sahani hairudi tupu. Marehemu mke wangu ndiye aliyelijua jiko. Mimi najua chai tu. Tafadhali niandikie vipimo vya vitumbua vya mama, hatua kwa hatua, kama unayemfundisha mtoto.

Nifikishie heshima kwa shemeji yangu, mumeo, kwa shangazi yetu, na kwa mzee wa kanisa anayelitunza kaburi la mke wangu.

Bi Milka nitampa vitumbua pamoja na neno “vitumbua” lenyewe. Huenda baada ya miaka elfu wataalamu wakakuna vichwa, wakiuliza Waserbia walilitoa wapi.

Kaka yako akupendaye,
Yohana