Mama mkwe na kondakta asiyeitikia

Jumapili, Alby, Uswidi

...na mama mkwe alikuwa ameshaniambia tangu asubuhi kwamba anataka kurudi Morogoro. Kila siku anawasalimu watu kwenye lifti na hakuna anayeitikia. Nikaona nimpeleke, pamoja na Neema binti yangu, kwenye makumbusho ya usafiri. Wanatembeza familia kwenye kituo cha treni cha chini ya ardhi kilichofungwa. Nilidhani atachangamka.

Kule chini wamesimamisha sanamu ya kondakta, na kofia yake. Mama akaiendea.

"Habari za kazi, baba?"

Akamsogelea zaidi.

"Baba, za kazi?"

Neema akamweleza kwa Kiswidi kuwa ni sanamu, na bibi yake hajui Kiswidi. Mimi nilishikwa na aibu, nikashindwa kumtafsiria. Mama akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Hata huyu!"

Mwongoza wageni wa makumbusho akaniuliza kuna nini. Nikamweleza, nikamfundisha na shikamoo. Akawapanga wageni wote mstari, vikongwe wenye mikongojo wakiwemo, wakaja mmoja mmoja: "Sikamo! Sikamo!" Mama akawaitikia wote, "Marahaba, marahaba," akiwagusa vichwa kama askofu.

Habari ya sanamu bado sijamwambia. Sijui nitaanzia wapi.

Kwenye treni ya kurudi akasalimia behewa zima. Watu wakainamia simu zao. Nikajua sasa ataanza tena ya Morogoro.

Akanipigapiga goti. "Waache tu, mwanangu. Hawa hawajashuka chini vya kutosha."